Nisevu "Fundi AC": ninavyopata watu kwa simu yangu hapa Dar

Kwenye simu za watu wa Dar es Salaam nina majina mengi. Kuna walioniandika "Dada AC". Kuna "Fundi Friji Mbagala". Kuna "Mama Gesi", ingawa mtungi wa kupikia sijawahi kuuza hata mmoja. Dada mmoja wa Mikocheni alinionyesha simu yake huku anacheka: nimeandikwa "Fundi wa kweli USIFUTE".

Nina vijana wawili ninaowafundisha kazi. Kila wiki wananiuliza wafanyeje wapate wateja mtandaoni, na wanachotaka kusikia ni namna ya kupata wafuasi. Mwaka 2019 nilikuwa na wafuasi 3,000 Instagram, na mwaka huo huo nilikopa nauli ya kwenda Kariakoo kununua kapasita, kile kifaa kinachosaidia mota kuwaka, ya AC ya mteja. Kwa hiyo habari ya wafuasi sitawapa. Nitawapa habari ya kuseviwa.

Mimi ni fundi wa viyoyozi na majokofu, nilisoma chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, naishi Mbagala Kizuiani. Mifano yote humu ni ya kazi yangu. Kama unashona, unapika kwenye shughuli, unafundisha tuisheni au una cheti cha uhasibu na bado unazunguka na bahasha, geuza mwenyewe.

Simu yenyewe kwanza

Weka WhatsApp Business. Ni ya bure, ipo tangu 2018, na unaihamishia namba yako ile ile. Usinunue laini mpya ya biashara. Watu waliokujua miaka yote utawaacha kwenye laini ya zamani kama waliokosa daladala.

Kwenye jina, kazi itangulie: "Fundi AC na Friji", ndipo jina lako, ndipo eneo. Mtu mwenye joto la Januari saa 8 mchana hakumbuki ulimwambia unaitwa nani. Anaandika "fundi" kwenye simu yake na kuangalia nani anatokea.

Picha iwe uso wako na kifaa cha kazi. Si ua, si mtoto, si gari la watu. Yangu nimevaa ovaroli ya bluu, geji ya kupimia presha ya gesi imening'inia mkononi, nyuma yangu ukuta mtupu. Niliiona picha ya kawaida sana wakati naiweka. Mbele huko utaona ilivyonilipa.

Jaza katalogi, ile orodha ya huduma zako humo humo WhatsApp, kwa vitu vitatu au vinne, na uandike bei. Kuosha AC ya ukutani, mimi naandika Sh 35,000. Najua mafundi wenzangu watanikasirikia hapa, lakini ile tabia ya "bei njoo inboksi" ndiyo inayofukuza watu. Mtu anaogopa kuuliza, anaona ukishamjua sura na mtaa utampandishia, na mara nyingi hajakosea.

Halafu tengeneza majibu ya haraka: unaandika alama ya mkwaju (/) na neno moja, jibu zima linatokea. Langu linasema: "Asante kwa kunitafuta. Naomba picha ya kibandiko kilicho ubavuni mwa mashine, mtaa uliopo, na tatizo limeanza lini." Picha ya kibandiko peke yake inaniambia ukubwa wa mashine na aina ya gesi kabla sijapanda bajaji.

Na kabla ya haya yote, stika. Nilichapisha Kariakoo stika 100 za namba yangu, zina nafasi ya kuandika tarehe niliyofanya kazi. Naibandika ubavuni mwa friji au chini ya AC. Nyumba inabadilisha wapangaji watatu, stika ipo pale pale inaniombea kazi.

Kumwomba mtu akusevu

WhatsApp ina orodha ya matangazo. Unaandika ujumbe mara moja unakwenda kwa watu hadi 256, na kila mmoja anaupata kana kwamba umemwandikia yeye peke yake. Sharti lake ni moja: unamfikia tu mtu aliyesevu namba yako. Wewe kumsevu haitoshi.

Mimi sikujua. Oktoba 2020 nilituma ujumbe kwa wateja 140 kuwakumbusha kuosha AC kabla joto la Desemba halijaingia. Nikangoja. Kimya. Nikafungua taarifa za ujumbe kuona waliofikiwa: watu 31. Miaka yote hiyo ninaingia sebuleni kwa watu, nakunywa maji yao, nacheka na watoto wao, na kwenye simu zao mimi ni tarakimu tupu.

Tangu siku hiyo siondoki kwa mtu bila kuseviwa. Ila kuna wakati wake. Usiombe unapofika, maana hujafanya kitu. Usiombe anapolipa, maana mtu anayetoa hela moyo wake uko kwenye hela. Omba pale kazi inapojionyesha. Kwangu ni dakika ile hewa ya baridi inapoanza kutoka. Namwita mwenye nyumba: "Mama, hebu weka mkono hapa." Anaweka, anafumba macho kidogo, wengi hufumba. Hapo ndipo nasema, "Naomba unisevu kabisa, andika Fundi AC, nikikutumia kitu kikufikie." Anachukua simu. Namtajia namba polepole, nami namsevu mbele yake, na ninaandika kwa kirefu: "Mama Tegeta kwa Ndevu, AC 2, geti la kahawia, mbwa." Hilo neno mbwa limeniokoa zaidi ya mara moja.

Mshonaji atasema pale mteja anapogeuka mbele ya kioo. Mwalimu wa tuisheni, siku matokeo ya mtihani yanapopanda. Kila kazi ina dakika yake ya mkono kwenye hewa baridi, na wewe ndiye unayeijua.

Stetasi

Stetasi ya WhatsApp inakaa saa 24 tu, kwa hiyo saa ya kuiweka ina maana. Mimi naweka saa 12 na nusu asubuhi, watu wamekaa au wamesimama kwenye daladala, na saa 3 usiku wakishakula. Tatu kwa siku zinatosha. Ukiweka 27, vile vistari vya juu vinakuwa kama mshono wa cherehani na mtu anakunyamazisha bila wewe kujua.

Iliyofanya kazi kuliko zote ilikuwa ya sekunde 20. AC ya chumba cha kulala ambayo haijaoshwa miaka miwili: nimefunga mfuko wa plastiki chini ya mashine, mdomo wa mfuko uko kwenye ndoo nyeupe, napuliza maji kwa pampu ndogo. Nilishika simu karibu na ndoo, sikuonyesha kitu kingine. Maji yakaanza kutoka meusi kama ya kuoshea sufuria la ubwabwa ulioungua. Sikuandika neno hata moja. Watu tisa walijibu usiku ule, na karibu wote waliuliza swali moja: "Ndiyo tunavuta hayo?"

Ndoo nyeupe niliichagua makusudi. Ndoo ya bluu haionyeshi uchafu.

Sasa kosa langu, mlijue. Kuna mteja nilimwekea AC sebuleni, nikapiga picha nzuri ya ukuta mzima, nikaiposti. Kwenye ukuta kulikuwa na picha ya familia, runinga kubwa, na dirishani geti linaonekana. Alinipigia saa 4 usiku anatetemeka kwa hasira. Alikuwa na sababu: nimewaonyesha watu 300 nisiowafahamu vizuri kilichomo ndani mwake na njia ya kuingilia. Nilifuta, niliomba radhi, na huyo hajaniita tena. Siku hizi Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, lakini hata bila sheria ilinipasa kujua. Omba ruhusa, piga picha ya mashine na mikono yako, uso na ukuta wa mtu viache.

Kingine cha kuweka ni kile mtu anachoweza kufanya bila kukulipa. Wakati wa mgao wa umeme mwishoni mwa 2023 niliandika hivi: "Umeme ukikatika, chomoa friji. Ukirudi, ngoja dakika 5 ndipo uchomeke. Presha ndani ya kompresa, ile pampu ya gesi, inahitaji kutulia. Ukiiwasha haraka inasukuma kwa shida na mwisho inaungua." Maneno hayo yalizunguka. Yalinirudia kutoka kwa shangazi yangu Tabora, amenitumia mimi, ananisihi nisichomeke friji haraka. Jina langu halikuwepo wala namba. Kuanzia pale, kitu chochote cha kufundisha nakiandika juu ya picha, na namba yangu inakaa katikati ya picha, si pembeni ambako watu wanakata.

Kamati ya harusi

Mkitaka kujua wapi Dar es Salaam watu wa kazi tofauti wanakutana kwa usawa, si kwenye kongamano. Ni kwenye grupu la kamati ya harusi. Humo kuna mhasibu wa benki, dereva wa lori, nesi, mwanajeshi mstaafu na mwenye duka la vipuri, na wote wanadaiwa.

Mwaka 2022 binamu yangu alikuwa anaoa. Wakanichagua mimi mweka hazina, eti fundi ana roho ya kudai. Grupu lilikuwa na watu 94, zaidi ya nusu siwajui. Kila usiku saa 3 nilituma orodha: jina, ahadi, alichotoa, kilichobaki, na chini kabisa jumla. Mtu akituma mchango kwa M-Pesa, ndani ya saa moja naandika, "Umefika, asante kaka." Sikuandika AC hata mara moja. Sikuweka bei. Nilikuwa nahesabu tu.

Siku moja nikamwandikia kaka mmoja Sh 50,000 wakati alitoa 100,000. Yeye hakusema kitu. Niliona mwenyewe usiku, nalinganisha daftari na meseji za M-Pesa. Ningeweza kurekebisha kimya kimya kwenye orodha ya kesho yake. Niliandika palepale, saa 5 usiku: "Kwenye orodha nilikosea. Kaka huyu katoa laki moja, si hamsini. Jumla mpya ni hii." Baada ya sherehe nikarudisha hesabu yote kwenye grupu pamoja na picha za risiti za ukumbi, vinywaji na mapambo, na salio tukawapa maharusi.

Wiki mbili zikapita. Kaka yule akapiga. Kumbe anasimamia loji Sinza, vyumba 22, kila chumba AC yake.

"Nimeona picha yako umevaa ovaroli," akasema. "Wewe ni fundi AC?"

"Ndiyo."

"Mafundi wangu kila mwezi wananiambia gesi imeisha."

Nikamwambia gesi ya AC si ya jiko, haiishi kwa kutumika. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kile kile kila mwezi. Akanyamaza kidogo. "Njoo kesho," akasema. Loji ile naihudumia mpaka leo, kila baada ya miezi mitatu, na kupitia yule kaka nimepata nyumba ya wageni nyingine na zahanati.

Kwa hiyo ukiingizwa kwenye kamati, fanya hivi. Ahidi unachoweza, na kitoe mapema. Sh 30,000 ya wiki ya kwanza inakupa heshima kuliko laki ya kudaiwa hadi siku ya sherehe. Omba kazi ndogo inayoonekana: orodha, usafiri, kufuatilia ukumbi. Jibu watu. Ukikosea, sema kabla hujaambiwa. Usitangaze biashara humo. Mtu akitaka kujua unafanya nini atagusa picha yako.

Magrupu mengine nayataja kwa ufupi. Grupu la mtaa, lile la maji yamekatika na taka hazijazolewa, kaa wiki mbili unasoma tu, ujue nani anaheshimika na nani anagombana na nani. Mtu akiuliza kitu unachokijua, mjibu jibu kamili hapo hapo mbele ya wote, usimwambie "nitafute". Grupu la msiba usiuze kitu. Kuna mtu aliweka tangazo la viwanja vya Kigamboni chini ya ratiba ya mazishi. Ukoo unamtaja hadi leo kila tukikaa.

Kumwandikia mtu usiyemjua

Hapa ndipo vijana wangu wananiumiza. Kijana anapata namba ya meneja wa jengo, anaandika "Mambo". Anangoja. Kesho yake anaandika "Upo?" Keshokutwa anaweka alama ya kuuliza. Meseji tatu, na meneja bado hajui anayemwandikia ni nani wala anataka nini.

Andika kila kitu kwa mara moja, kiwe kifupi kiasi cha kusomeka bila kufunua zaidi. Huu ni ujumbe nilioutuma mwenyewe mwaka jana, nimeondoa tu majina:

"Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa AC, naishi Mbagala. Namba yako nimepewa na dada wa mapokezi wa jengo lenu, ambaye nilimtengenezea friji nyumbani kwake. Amenieleza AC za ghorofa ya tatu zinamwaga maji. Mara nyingi ni bomba la kutolea maji limeziba, na kulizibua si kazi kubwa. Naomba ruhusa nije nizikague siku yoyote ya wiki hii asubuhi, kukagua ni bure. Kama mna fundi wenu tayari, hakuna shida, asante kwa kunisoma."

Tazameni kilichomo. Salamu inayolingana na umri. Nani nimetoka kwake, na huyo dada nilimwomba ruhusa kwanza kabla ya kumtaja. Tatizo lake, si maisha yangu. Ombi moja. Na mlango wa kutokea, ili asione aibu kukataa. Alijibu baada ya siku mbili kwa neno moja: "Alhamisi."

Ukiwa hujui umri wa mtu, "Habari za asubuhi" haimkwazi yeyote. Shikamoo iandike yote. Ile "shkm" ni afadhali usisalimie. Usimwite "boss" mtu asiyekuajiri. Usitume ujumbe wa sauti kwa mgeni, huwezi jua yuko kikaoni au kwenye mwendokasi kabanwa ubavu. Usipige kabla hujauliza kama anapokea. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki moja. Mara ya pili umeshakuwa kero, hata kama ungekuwa fundi bora wa Temeke nzima.

Mafundi wenzako

Nilipoanza niliwaona mafundi wengine kama watu wanaonila. Sasa karibu nusu ya kazi zangu za kufunga AC mpya zinatoka kwao. Sababu ni mpangilio wa ujenzi wenyewe: bomba za kopa na waya vinapita ukutani kabla ya plasta, kwa hiyo anayejua kuna nyumba inahitaji AC ni fundi umeme na fundi mwashi, miezi kadhaa kabla mwenye nyumba hajafikiria joto. Ukiitwa baada ya rangi unatoboa ukuta mpya wa watu, na lawama ni zako.

Kwa hiyo grupu letu lina mafundi umeme, mabomba, aluminiamu, rangi na jipsamu. Tumekubaliana wazi: anayeleta kazi anapata asilimia 10 ya ufundi, si ya vifaa, na analipwa siku ile ile fundi anapolipwa. Kabla ya makubaliano hayo tuligombana sana juu ya cha juu. Kazi ya Bunju mimi siifuati, namwachia mwenzangu anayeishi Tegeta, naye ya Kongowe ananiachia.

Msaada wa kitaalamu nao unajenga watu. Juzi kijana alituma picha ya bomba la friji, anataka kuchomelea. Nikamwambia kwanza piga picha kibandiko cha kompresa. Kikasoma R600a. Hiyo gesi inawaka moto. Watu watatu tulimpigia simu kwa pamoja kumwambia asiwashe mtungi wa kuchomelea. Sasa kila akipata AC, ambayo haijui vizuri, ananiita mimi.

Instagram na LinkedIn

Instagram naifanya albamu. Mtu aliyeambiwa habari zangu anakwenda kuhakikisha kama nipo kweli, anakuta kazi 40, mtaa na bei, anarudi WhatsApp. Sitegemei zaidi ya hapo, na sinunui wafuasi.

LinkedIn niliidharau, nikiona ni ya watu wa tai. Ndipo nikagundua mameneja wa majengo ya Posta na Masaki wako huko, na huko hawasumbuliwi na mafundi kwa sababu mafundi hatuko. Nimeandika kazi yangu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana wengi kule wanatafuta kwa Kiingereza. Mara moja kwa mwezi naandika kitu kimoja cha kazi. Niliwahi kueleza kwamba AC za zamani za R22 gesi yake inaondolewa duniani chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, na kwamba kumimina R410A, gesi ya mashine mpya zaidi, kwenye mashine ya R22 ni hatari, presha yake ni kubwa zaidi. Nilipata laiki nne. Mmoja wa hao wanne ana jengo lenye AC za R22 tupu.

Sabasaba, na kuonana uso kwa uso

Juni na Julai Dar inapoa, kazi zinapungua. Mafundi wengi wanalala. Mimi ndiyo nakwenda Sabasaba. Maonesho yanaanza mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, viwanja vya Mwalimu Nyerere pale Barabara ya Kilwa, njiani kwangu kabisa. Tarehe 7 Julai yenyewe siendi. Siku hiyo ni ya familia na mtu wa banda hana nafasi ya kukusikiliza. Nakwenda siku ya kazi ya mwanzo mwanzo, saa 4 asubuhi, nimevaa ovaroli safi.

Kwenye mabanda ya wauza AC siulizi "mna kazi?" Nauliza: "Mteja wenu akinunua akiwa Mbagala au Kigamboni, nani anamfungia?" Wengine wanatazamana. Hapo kuna nafasi. Nikipewa kadi naipiga picha, na kabla sijatoka getini natuma: "Mimi ndiye yule dada wa ovaroli ya bluu tuliyeongea sasa hivi habari za Kigamboni." Ukingoja mpaka jioni, ameshaonana na watu 200.

Wezi nao wana mtandao

Utakapoanza kujulikana, na matapeli watakujua. Mwaka 2021 mtu alinipigia akisema hoteli moja inahitaji fundi wa AC 60, nitume Sh 50,000 ya fomu. Nilituma. Aibu yake naimeza hadi leo, nina akili zangu timamu. Kazi ya kweli haiombi hela ili ikulipe hela. Ile meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii" itume 15040, namba ya kuripoti matapeli, na piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. WhatsApp iwekee uthibitisho wa hatua mbili, na ile namba ya tarakimu 6 usimpe mtu, hata akiwa ni pasta wako anayeiomba. Huenda yake imeshaibwa.

Kwa akina dada: siendi kwa mteja mpya peke yangu, naenda na kijana wangu, na dada yangu ninamtumia mahali nilipo moja kwa moja mpaka nitoke. Mtu anayesisitiza uje usiku kuangalia AC, AC yake nzima.

Na muwe na daftari. Intaneti ilipozimwa tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, WhatsApp yangu yenye katalogi ilikuwa kioo tu. Niliwapigia kwa simu ya kawaida wateja waliokuwa wananingoja wiki ile, namba moja moja kutoka kwenye daftari la kaunta kubwa, kuwaambia kazi imesogea.

Jumapili jioni

Kila Jumapili baada ya kuosha vyombo nafungua simu na kuwaandikia watu watano ambao sina ninachowadai wala ninachowauzia. "Mama, mtoto alifaulu?" "Kaka, mguu umepona?" Wengine hawajibu, si kitu.

Kuna mzee mmoja wa Upanga yeye hujibu kila mara, kwa sauti, dakika nne, na tatu na nusu kati ya hizo ni Yanga. Naisikiliza yote, nikiwa naanua nguo. Friji lake halijaharibika tangu 2022.